Nilisema Wafunge Milango

Jumatatu, 3 Februari

Chemchemi, saa kumi na mbili asubuhi. Foleni mpaka barabarani. Wa kwanza Mama Dorika, kama kila siku. Jirani yangu huyo ananishinda kuamka hata siku ninazojitahidi.

Klori kwa siringe ya sindano, bidoni baada ya bidoni, kila dumu kipimo chake. Nimewarudisha wawili nyumbani kusugua bidoni zao. Ndani ukungu wa kijani, halafu mtu anataka klori imfanyie muujiza. Mmoja amenikunjia uso. Akunje. Nilifundisha darasa la tatu maisha yangu yote na nilikunjiwa uso na wadogo zaidi yake. Kusoma walijifunza hata hivyo. Mtaa mzima bado unaniita Madame, hata wazee. Napenda kuitwa hivyo. Hapa naweza kukiri.

Kilima juu ya chemchemi kimekauka. Ukikanyaga majani yanalia. Hakuna mvua tangu Noeli.

Jumanne, 4 Februari

Moto.

Umetoka nyuma ya kilima saa nane mchana na upepo ukiusukuma. Wanaume wamepigana nao kwa matawi mabichi. Nyumba zimepona zote. Uzio wa chemchemi umeungua, mikaratusi imeungua, na mwishowe moto umeingia kwenye jalala la zamani na kujichimbia humo.

Kila mtu anauliza nani kawasha. Wengine wanasema wachungaji, wanataka majani mapya ya ng'ombe mvua ikianza. Wengine wanasema wawindaji wa panya. Shefu wa mtaa anataka jina. Nami nimesimama mbele ya watu nikasema kwa sauti ya darasani: aliyewasha aletwe, aonekane, asimamishwe mbele yetu sote. Wamenishangilia.

Jumatano, 5 Februari

Majivu yameingia kwenye kisima cha chemchemi. Maji meusi. Nimefunga mabomba mawili na kuwaambia watu hakuna kuteka mpaka tusafishe. Kelele! Utadhani nimefunga kanisa.

Tumesafisha kutwa. Papa Kasimu, mlinzi wa chemchemi, ameingia mwenyewe ndani na ndoo. Alichimba dhahabu Mongbwalu miaka mingi, kifua chake kibovu, lakini akishika jembe vijana wanaona aibu. Kisha tumeanza mfereji juu ya chemchemi ili mvua ya kwanza izungushe majivu pembeni, isituletee hapa. Hilo ndilo ninaloliogopa. Moto umeisha, mvua ndiyo itakayotutia sumu.

Nimerudia maelezo mara kumi. Acha maji yatulie. Yachuje kwa kitambaa. Klori baadaye, kwa sababu klori haifanyi kazi kwenye tope. Wenye kuvuna maji ya bati wafagie bati kwanza, na mvua ya kwanza waiache iende. Mtoto wa miaka sita angeelewa. Watu wazima wanahitaji mara kumi na moja.

Alhamisi, 6 Februari

Jalala linafuka. Moshi umelala juu ya mtaa kama blanketi, unanuka plastiki. Watu wanakohoa. Mama mmoja amekuja chemchemini analalamika kichwa na kutapika. Nimeikagua bidoni yake na kumsomea somo la usafi. Alisimama ananisikiliza huku ameshika paji la uso.

Wamenijia kuhusu moshi. Kichwa changu kilikuwa kwenye mfereji. Nimechukua megafoni na kupita avenyu zetu tatu. Kwanza maji, kila hatua, polepole. Kisha moshi: mufunge milango, mufunge madirisha, matundu muyazibe kwa nguo zilizoloweshwa. Basi.

Papa Kasimu alikuwa nyuma yangu na ndoo ya klori.

"Madame, na watu watapikia wapi?"

Nimemwambia asinichanganyie somo, hayo tutayaona kesho. Amehamisha ndoo mkono mwingine.

Kwa Mama Dorika nimemwona mumewe, Muzee Ngabu, akisukuma kitenge chini ya mlango kwa kisu. Walikimbia vita vya makabila huko Djugu na chumba hicho kimoja ndicho walichopata. Hufanya lolote ninalosema, siku hiyo hiyo. Mtaa wote wangekuwa kama hao wawili, ningelala.

Ijumaa, 7 Februari

Mama Dorika hakuwa kwenye foleni. Nilicheka. Nilisema mbele ya watu kwamba leo nimemshinda.

Nilimaliza foleni. Hilo nataka liandikwe. Niliona hayupo saa kumi na mbili na nikaendelea kutia klori mpaka saa mbili.

Esta, binti yao, anakaa mtaa wa Lumumba. Hupita kwao kila Ijumaa kabla ya soko. Tumemsikia akipiga mlango, kisha akipiga kelele. Wanaume wamevunja.

Muzee Ngabu alikuwa amekufa kitandani. Mama Dorika alikuwa sakafuni karibu na mlango, anapumua. Katikati ya chumba jiko la makala, makaa yamebaki majivu, sufuria ya maharage juu yake. Maharage yanataka saa nyingi. Zamani walipikia nje, barazani, kama sisi sote. Dirisha limezibwa kwa nguo mbichi, kila pembe. Vizuri sana. Mwanafunzi wangu yeyote asingeziba vizuri hivyo.

Papa Kasimu amebeba jiko nje kwa mikono na kuvua zile nguo dirishani. Mama Dorika amepelekwa hospitali kwa pikipiki, amebanwa kati ya dereva na Esta, kichwa kikianguka huku na huku. Papa Kasimu amenivuta pembeni.

"Ni hewa ya makala, Madame. Mu shimo ya dhahabu ilituuaka vile vile. Haina harufu. Mutu anasikia usingizi tu."

Kisha amerudi ndani kwa Muzee. 

Jumamosi, 8 Februari

Nimeamka na kuchukua megafoni kabla ya kunawa. Avenyu tatu tena. Msipikie ndani mlango ukiwa umefungwa. Jiko la makala nje, hata kama kuna moshi. Mkisikia kichwa, mkitapika, tokeni nje mara moja.

Nimeingia nyumba moja baada ya nyingine. Jiko ndani. Jiko ndani. Jiko ndani. Walinitii wote. Yule mama wa kichwa na kutapika alikuwa na jiko chini ya kitanda cha watoto. Wanne wanalala pale. Nimelitoa mwenyewe na kulimwagia maji mbele yao.

Lakini nilisema namna gani? Nilisema kama vile ni sehemu ya pili ya somo. Kama vile ya kwanza haikuwa na kosa. Sikusema: nilikosea. Mdomo ulifika pale ukageuka.

Jumapili, 9 Februari

Tumemzika Muzee Ngabu. Mama Dorika bado hospitali. Anafungua macho, haongei.

Kwenye matanga kila mtu anasema moshi wa pori umemuua. Shefu amesimama akasema aliyewasha moto sasa si mchomaji tu, ni muuaji. Watu wameitikia. Mimi nimeitikia kwa kichwa. Nimejiona nikifanya hivyo.

Papa Kasimu alikuwa upande wa pili, na wanaume. Alitazama chini.

Jumatatu, 10 Februari

Mvua. Kubwa, saa tisa mchana. Tumekimbilia chemchemi wote. Maji meusi yameshuka kilimani, yamefika mferejini, yamegeuka, yamekwenda zake. Bombani maji meupe. Jalala limezimika, moshi umeondoka, tumeona anga.

Watu wamepiga makofi. Wanawake wamepiga vigelegele. Shefu amenishika bega akasema Madame ameokoa mtaa. Kweli maji niliyaokoa. Nilikuwa nimewaza juu ya maji kwa siku tano, na juu ya hewa kwa muda wa sentensi moja.



Jumatano, 12 Februari

Wamekamata mtu. Mchungaji, baba wa familia, ng'ombe wake hula upande ule wa kilima. Wamemfungia kwenye stoo nyuma ya nyumba ya shefu. Hakuna aliyemwona akiwasha. Wanamwita muuaji, na wanataja kabila lake wanapomwita. Hapa kwetu neno la namna hiyo likitoka halirudi nyumbani mapema. Sote tunajua. Wengine wameanza kusema wapi ng'ombe wake wanalala.

Nimemfuata Papa Kasimu chemchemini. Nimemuuliza kwa nini hasemi. Alisikia nilichosema Alhamisi. Aliniuliza, nikamziba mdomo. Nilikuwa tayari anitukane, nadhani nilikuwa nataka.

"Miye niliuliza mara moja tu," amesema. "Najua hii hewa. Ilikamataka wadogo zangu wawili mu shimo. Ningeuliza mara mbili."

Kumbe naye amebeba. Kosa ni langu na linagawanywa kwa watu wasiostahili: huyu, na yule aliye stoo. Nina hasira na nafsi yangu mpaka meno yanauma.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda kwa shefu kusema. Alikuwa na wageni. Nikarudi nyumbani. Wageni walikuwa wawili tu, na kiti kilikuwepo.

Mwoga.

Jumamosi, 15 Februari

Mkutano wa mtaa, uwanja wa shule. Wamemleta mchungaji, shati limechanika, jicho moja limefumba. Shefu ameanza hotuba. Nimesimama kabla hajamaliza. Sikuchukua megafoni.

Nimesema: Muzee Ngabu hakuuawa na moshi wa pori. Aliuawa na jiko la makala ndani ya chumba kilichofungwa, na aliyewaambia wafunge ni mimi. Niliwaambia wafunge, sikuwaambia jiko libaki nje. Papa Kasimu alitaka kuwaonya, nikamnyamazisha.

 Kisha shefu akacheka kidogo, kwa huruma. "Madame amechoka. Alifanya kazi mingi." Wengine wakaitikia. Walitaka sana niwe nimechoka. Mwalimu wao hawezi kuwa amekosea, kwa sababu wakikubali hilo itabidi wakubali na lile jiko lililokuwa ndani kwao.

Papa Kasimu akasimama. Ameeleza habari za shimo: pampu ya mafuta iliyowashwa chini, wanaume wakilala mmoja mmoja bila kelele. Ameeleza jinsi alivyomkuta Muzee. Anaongea polepole, kifua kinampiga. Wamemsikiliza. Yule mama wa watoto wanne ameanza kulia na kusema kweli, kweli, hata siye ilianza kutukamata.

Wamemwachia mchungaji. Huenda aliwasha moto, huenda hakuwasha. Amepita mbele yangu bila kunitazama. Namuelewa. Siku tatu nzima nilimwacha aitwe muuaji, jina lililo langu.

Njiani kurudi, wawili wamenisalimia. Zamani walikuwa wote.

Alhamisi, 20 Februari

Mama Dorika amerudi. Esta amehamia kwake kumwangalia. Mikono inamtetemeka, anatembea kwa kushika ukuta, lakini ananijua. Anajua Muzee amekufa.

Amenishika mikono yote miwili.

"Aksanti, Madame. Weye ulisemaka vizuri, mufunge mulango. Miye ndiye nilichelewa. Nilibakiaka nje kutafuta makala, mulango wazi, moshi ikaingia. Ningefunga mbele, moshi haijaingia, Muzee angekuwa hapa."

Nilidhani nimeshamaliza kukiri Jumamosi. Ile ilikuwa kwa watu.

Nimemwambia. Jiko, mlango, mimi. Amenisikiliza mpaka mwisho. Amelia bila sauti, kisha akaniachia mikono.

"Rudi kwako, Madame."

Nimerudi. Ilikuwa haki yake. Nimelia, na bado kifua kimekuwa chepesi kidogo, na wepesi huo nimeuonea aibu.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya ibada Mama Dorika ameniita kwa mkono. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa matusi. Amenikumbatia.

"Aksanti, Madame. Weye ulisemaka vizuri. Miye ndiye nilichelewa."

Maneno yale yale. Nimemtazama Esta, Esta akatazama pembeni. Baadaye amenieleza. Daktari amesema ile hewa imeumiza kichwa. Ya zamani yapo yote: Djugu, ndoa, watoto, hata majina ya ng'ombe wa babake, hata siku ile ya moshi. Mapya hayakai. Kifo amekishika kwa sababu anaambiwa kila asubuhi anapomtafuta mumewe. Nilichomwambia Alhamisi hakipo.

Nimemwambia tena, pale pale, nje ya kanisa. Amelia kama Alhamisi. Ameniuliza maswali yale yale. Amenifukuza tena.

Jumatatu, 24 Februari

Esta amekuja kwangu. Hakukaa.

"Acha, Madame. Kila mara unamuambia analia sawa na siku ya kwanza. Weye unatafuta msamaha, yeye anapata nini?"

 Nimemuahidi nitaacha.

Na niseme ukweli: niliposema ndiyo, nilifurahi. Anisalimie, anishukuru, asijue. Ni rahisi hivyo. Nimewaza mpaka nikaona kama ni wema.

Jumatano, 26 Februari

Sijamwambia kitu siku mbili. Leo nimempelekea bidoni ya maji, kwa sababu hawezi kubeba tena. Alikuwa na mgeni, shemeji yake kutoka Ariwara aliyekuja kutoa pole. Nimesimama mlangoni nikasikia.

"Miye ndiye nilimuuaka Muzee yangu. Madame alituambia tufunge, nikachelewa."

Shemeji hakumpinga. Alitikisa kichwa tu, na uso wake ukabadilika.

Nimeweka bidoni chini. Nimewaambia wote wawili. Esta alikuwa jikoni nje, amesikia kila neno. Mama Dorika alipomaliza kulia, Esta amenisindikiza mpaka barabarani. Nilingoja anifokee.

Hajafoka. Amesema hakujua mama yake anajihukumu hivyo kwa watu. Tumekubaliana. Siku ambayo hasemi ni kosa lake, ninyamaze, nimpe maji, niende. Siku anayosema ni kosa lake, nimwambie. Alie, lakini asilale akijiita muuaji. Esta amesema atajaribu kumwambia yeye mwenyewe, ila kutoka kwa binti hakubali. Anadhani Esta anamfariji tu. Kutoka kwangu anaamini. Bado ananiamini kila ninachosema.

Jumapili, 2 Machi

Mvua asubuhi, kisha jua. Kilima kimeanza kuota majani.

Nimekwenda kwa Mama Dorika baada ya ibada. Amenipa kiti barazani. Ameanza: alichelewa kufunga. Nimemwambia. Ni mara ya nne. Amelia. Ameniuliza kama Muzee aliteseka. Nimejibu kama nilivyojibu Jumatano, kwamba hapana, alisinzia tu. Mara hii hajanifukuza. Tumekaa. Amenieleza jinsi Muzee alivyomchumbia, hadithi ndefu, na ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Nilicheka. Naye alicheka. Nilipoaga aliniomba nimsalimie Muzee nikimkuta njiani, kisha akakumbuka, akaingia ndani.

Nimefika nyumbani ndipo nikagundua.  Maneno yalikuja yenyewe kwa mpangilio, kwanza jiko, kisha mlango, kisha mimi. Nilijua wapi atalia na nilinyamaza kumngojea, kama nilivyokuwa nikingojea darasa linakili ubaoni. Yeye anaumia upya kila mara. Mimi nimeshazoea.

Kesho zamu ya klori ni ya Papa Kasimu. Nitapita kwa Mama Dorika asubuhi.